Ndege wa Maji Taka na Jirani wa Chini ya Mto



Wakati wa likizo iliyopita tulikwenda kuangalia ndege mahali ambapo wageni hawapelekwi. Tulikuwa waseminari sita, wanakwaya wanne wa parokia jirani, katekista mmoja na padre mlezi wetu. Darubini ilikuwa moja, tukapokezana.

Sisi tunaoishi Same hatukosi mahali pazuri pa kuangalia ndege. Nyuma ya mji ipo Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, yenye aina zaidi ya 400. Juu milimani upo msitu wa Chome na kilele chake cha Shengena, na humo anaishi ndege mdogo wa rangi ya kijani na kijivu, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa Pare Kusini. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta. Hata hivyo tulipanda basi la asubuhi, tukapita Makanya, Hedaru na Mombo, hadi kwenye shamba moja la mkonge kando ya Mto Pangani. Tukaomba ruhusa getini, tukaruhusiwa, tukaenda kukaa juu ya tuta la mabwawa ya maji taka ya kiwanda.

Wengi walitucheka. Mama mmoja wa parokiani alituuliza kama milimani kumekosekana hewa safi hata tukanuse uvundo. Makala hii ni jibu letu kwake, na kwa wengine waliouliza kwa adabu zaidi. Tunaamini kwamba Mkristo anayewapenda ndege wa msituni tu bado hajawatazama ndege sawasawa. Tunaamini pia kwamba parokia na seminari zetu zilizo kando ya maji ya Pangani zina wajibu wa kujifunza kuwasoma ndege wa maji taka.

Tuanze na tulichokiona.

Jani la mkonge kwa sehemu kubwa ni maji na nyama. Singa zenyewe, zile tunazosokotea kamba na kushonea magunia, ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi. Majani yanapopita kwenye korona, mashine inayoyaponda na kuyakwangua, singa hubaki na vingine vyote huoshwa kwa maji mengi. Kinachotoka ni maji ya kijani yenye tindikali na makapi. Maji hayo yakiingia mtoni moja kwa moja, vijidudu huanza kuyala makapi na katika kula huko humaliza oksijeni iliyomo majini. Samaki hufa kwa kukosa pumzi, na anayechota maji chini ya hapo hupata maji yanayonuka.

Mabwawa yamechimbwa kwa ajili hiyo. Maji taka hushikwa kwanza, yakae, jua na vijidudu vifanye kazi yao kwa siku nyingi, ndipo yaachiwe kwenda mtoni. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu na uchafu mzito, na vijidudu vyake hufanya kazi bila hewa. Bwawa linalofuata lina mwani wa kijani, ambao kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni, na oksijeni hiyo huwasaidia vijidudu wengine kumalizia kilichobaki. Bwawa la mwisho ni la kina kifupi, ili jua lipenye hadi chini.

Ndege walikuwa wamejipanga kwa mpango huohuo, kana kwamba mtu amewapangia zamu. Kwenye bwawa la kwanza hakuna aliyeogelea. Juu ya ukoko wake walitembea ndege wawili wa kutikisa mkia, wakidonoa nzi. Kwenye bwawa la pili, lenye rangi ya mchicha uliochemshwa, walisimama vitwitwi wengi ukingoni, na kati yao wale ndege weusi kwa weupe wenye miguu mirefu myekundu, wakichovya midomo myembamba kama sindano. Bwawa la mwisho lilikuwa kama soko la Jumatatu. Palikuwa na batabukini na vifaranga wao saba, kwarara wakichokoa matope, yangeyange, korongo wa kijivu aliyesimama bila kutikisika, na vibisi, wale vibata vidogo vinavyozama ghafla na kuibukia mbali. Juu ya maji mbayuwayu walipita na kurudi bila kutua. Kufikia saa nne asubuhi tulikuwa tumeandika aina 19 kwenye daftari, na wengi wetu tulikuwa tumesahau harufu.

Mlinzi wa mabwawa, mzee mwenye heshima zake, alifurahi kuona tunafurahi. Tulipomwamkia na kumwuliza kuhusu maji, alitujibu kwamba hayana tatizo lolote, kwa kuwa ndege hao tunawaona wenyewe: kama maji yangekuwa mabaya wasingekaa. Tuliitikia kwa kichwa. Mmoja wetu aliandika maneno hayo kwenye daftari kama hitimisho la safari.

Hitimisho hilo ni kosa, na tunaliandika hapa kwa sababu tumelisikia pia kwa watu wasomi. Ndege hawaji kwenye mabwawa ya maji taka kwa kuwa maji ni safi. Wanakuja kwa kuwa kuna chakula. Uchafu hulisha vijidudu na mwani, hivyo hulisha funza wa mbu na wa nzi, na funza hulisha ndege. Mahali palipo na uchafu wa kiasi panaweza kuwa na ndege wengi kuliko mto safi ulio jirani. Ndege wengi maana yake ni chakula kingi. Kama maji yanamfaa binadamu, hilo ni swali jingine.

Wengine walishafanya kosa hili kabla yetu, na kwa gharama kubwa. Huko California, Marekani, mahali panapoitwa Kesterson, maji yaliyotoka kwenye mashamba ya umwagiliaji yalielekezwa kwenye mabwawa, na ndege wakajaa. Mabwawa yakaheshimiwa kama hifadhi ya wanyamapori. Mwaka 1983 watafiti waliokagua viota walikuta vifaranga visivyo na macho, vingine vyenye midomo iliyopinda na miguu iliyolemaa. Sababu ilikuwa madini ya seleniamu, yaliyooshwa kutoka udongoni na kulundikana mabwawani. Ndege wazima waliendelea kuja kwa wingi, na aliyehesabu vichwa tu asingeona kasoro. Aliyechungulia kiotani ndiye aliyeona.

Mfano wa pili ni wa Butte, katika jimbo la Montana nchini humohumo. Shimo kubwa la mgodi wa shaba liliachwa mwaka 1982, likajaa maji yenye tindikali na metali. Kwa macho ni ziwa. Mwezi Novemba 1995 kundi la mabata bukini weupe waliokuwa safarini walitua humo kukwepa hali mbaya ya hewa, na 342 wakafa.

Lakini ipo mifano ya upande wa pili pia, na haki inadai tuitaje. Karibu na Melbourne, Australia, mabwawa ya maji taka ya Werribee yamekuwa yakipokea uchafu wa jiji tangu miaka ya 1890. Leo ni miongoni mwa mahali mashuhuri pa kuangalia ndege nchini humo, aina karibu 300 zimeandikwa hapo, na waangaliaji huingia kwa kibali. Hapa jirani, mabwawa ya maji taka ya Nairobi yaliyoko Ruai, yanayojulikana kwa jina la Dandora, wapenzi wa ndege wa Kenya wameyafahamu kwa miaka mingi. Maji yake huelekea Mto Nairobi, kisha Mto Athi, na mwisho bahari ya Malindi. Kwa hiyo bwawa la maji taka si lazima liwe mtego wa kifo. Likitunzwa vizuri ni nyumba ya viumbe na kinga ya mto.

Basi ndege wanatuambia nini? Wanatuambia mabadiliko. Hesabu ya siku moja haina maana kubwa, hesabu ya miaka mitatu ina maana kubwa sana. Vibisi wanaotafuta chakula kwa kuzama wakitoweka kwenye bwawa la mwisho huku vitwitwi wa matope wakiongezeka, huenda bwawa limejaa tope na maji yanapita haraka kuliko inavyotakiwa. Ndege wa bwawa la pili wakihamia la tatu, huenda kazi ya bwawa la kwanza imeanza kumwagikia mabwawa ya mbele. Ndege waliokufa wakionekana ukingoni, hapo hakuna cha kusubiri: watu wasiwaguse, na taarifa itolewe siku hiyohiyo. Ndege hawezi kupima tindikali wala metali. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini ndege anaweza kutuambia ni wakati wa kwenda maabara, na anafanya hivyo bure, kila siku, bila kuogopa mtu.

Siku ile tulilijua hili mchana, wakati tulipokuwa tunarudi. Chini kidogo ya mahali maji ya bwawa yanapoingia mtoni tulimkuta mama akichota maji kwa ndoo, na mtoto mgongoni. Tulimwamkia, akaitikia, tukamsaidia kubeba hadi njiani. Tulipomwambia tumetoka kuangalia ndege alicheka, kisha akatuambia jambo ambalo hatukulitegemea. Yeye huwaangalia yangeyange. Asubuhi akiwaona wapo upande huu wa mto, anachota. Akiona wamehamia ng'ambo, anatembea juu zaidi ya bomba la mabwawa, mwendo wa nusu saa, kwa sababu mara mbili aliwapuuza na maji ya ndoo yakatoa harufu kabla hajafika nyumbani. Hatuwezi kusema kwamba utaratibu wake ni salama. Tunachosema ni kwamba mama huyu, asiye na darubini wala daftari, alikuwa anaangalia ndege kwa makini kuliko sisi, kwa sababu yeye ndiye anayeyanywa maji hayo.

Safari ile ilitubadilisha hapo. Tulikwenda kama watazamaji, tukarudi tukijiuliza maji yetu sisi yanatoka wapi.

Jibu linajulikana. Mji wetu umekaa upande mkavu wa milima, na kwa miaka mingi ndoo ya maji hapa imekuwa na bei. Mwezi Machi 2025, baada ya kusubiri zaidi ya muongo mmoja, mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe ulizinduliwa, nasi tunamshukuru Mungu na wote walioufanikisha. Maji hayo yanachukuliwa kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, yanasafishwa, kisha yanapandishwa kwetu. Na Nyumba ya Mungu linajazwa na nini? Na Mto Kikuletwa, unaobeba maji ya Meru na ya Kilimanjaro, na Mto Ruvu unaotoka upande wa Ziwa Jipe. Mito hiyo inapita kwenye miji, mashamba makubwa na viwanda. Mto Themi unaokatiza jiji la Arusha unaishia Kikuletwa. Ukitoka Nyumba ya Mungu, mto unachukua jina la Pangani, ingawa wazee wengi wa upande wetu bado wanauita Ruvu. Unapita magharibi ya milima yetu, unafika Korogwe, unazungusha mitambo ya umeme ya Hale, na unaingia baharini Pangani mjini.

Kwa hiyo sisi wa Same tupo katikati. Tuko chini ya mtu na tuko juu ya mtu. Mtu wa Arusha au Moshi akilinda maji yake taka, anatulinda sisi. Sisi tukilinda ya kwetu, tunamlinda mama yule wa ndoo, na mvuvi wa Pangani ambaye hatutamwona kamwe.

Wapare hawahitaji mtu wa kuwafundisha hesabu hii. Wazee wetu walichimba ndiva. Kwa msomaji asiyeifahamu, ndiva ni bwawa la mlimani linalokusanya maji ya mfereji usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe na kushuka mashambani kwa zamu. Maeneo kama Bangalala yameishi kwa utaratibu huo. Ndiva ina wazee wake, ina zamu zake, ina msaragambo wa kuzibua tope na kukarabati tuta, na asiyetokea kwenye msaragambo anajua kitakachompata zamu yake ikifika. Kiini chake ni kwamba aliye juu hawezi kuyafanyia maji apendavyo, kwa sababu aliye chini anayasubiri.

Bwawa la maji taka ni ndiva iliyogeuzwa. Ndiva inashika maji mazuri ili yamfikie jirani wa chini. Bwawa la maji taka linashika maji mabaya ili yasimfikie. Deni ni lilelile kwa jirani yuleyule. Tofauti ni kwamba ndiva ina wazee wanaoitembelea kila asubuhi, na bwawa la maji taka mara nyingi lina mlinzi mmoja na uzio. Hakuna anayetaka kulitembelea. Tumeliacha kwa ndege.

Je, haya yanaihusu seminari? Tunadhani yanaihusu sana. Wote tunajua mahali ambapo Bwana wetu anawaalika wanafunzi wake wawatazame ndege, katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo. Waliokwisha kuanza Kigiriki wanajua kwamba kitenzi kilichotumika hapo si cha kutupa jicho tu, ni cha kukaza macho. Luka, katika sura ya 12, anamtaja ndege mmoja kwa jina, naye ni kunguru. Sasa msikilizaji Myahudi wa wakati ule alijua kwamba kunguru ameorodheshwa katika Mambo ya Walawi miongoni mwa ndege najisi. Ni ndege wa jalalani. Bwana angeweza kumchagua njiwa, ndege wa hekaluni. Katika mfano ule alimchagua anayekula mizoga, akasema kwamba Mungu anamlisha. Basi hatuoni aibu kukaa kwenye tuta la maji taka na kukaza macho. Tunadhani tumeelekezwa huko.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliweka suala la maji mahali pake: kupata maji salama ni haki ya msingi ya binadamu, kwa kuwa bila maji hakuna uhai, na ulimwengu una deni kwa maskini wanaoyakosa. Mara nyingi tunausoma waraka huo siku ya kupanda miti. Kupanda miti ni vema. Lakini mti haumtetei mama wa ndoo kama hakuna anayeuliza bomba limemwaga nini jana usiku.

Tumesikia pingamizi mbili ambazo tunaziheshimu.

La kwanza ni kwamba kuangalia ndege ni starehe ya wageni wenye kofia na darubini za bei mbaya, na kijana wa Kipare ana mengine ya kufanya. Tumekwisha kujibu nusu ya hilo: mama yule hakuwa mgeni. Wachungaji wa mifugo wa tambarare zetu wanajua ndege gani anatangulia mvua. Watoto wetu wanajua ndege gani anakula mtama. Elimu ya ndege ipo majumbani mwetu, ila hatujaiandika wala hatujaipa heshima. Kinachoongezwa ni daftari tu.

La pili ni zito zaidi: kwamba tukianza kuchunguza mabwawa ya viwanda tutawafukuza wenye viwanda, na watu watakosa kazi. Baba wa mmoja wetu amefanya kazi kwenye korona kwa miaka mingi, na ada ya seminari imetoka humo. Hatuandiki haya kama maadui wa mkonge. Zao hili lililetwa nchini mwaka 1893, na limelisha familia nyingi za Tanga na Kilimanjaro. Tunachosema ni kwamba kiwanda chenye mabwawa mazuri hakina sababu ya kuogopa watu kumi na mbili wenye darubini moja. Kile tulichokitembelea kilitufungulia geti, na tunakishukuru kwa hilo. Tena makapi si lazima yawe mzigo. Hale, katika bonde hilihili, ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi ya mkonge kuwa gesi na umeme, ukazinduliwa mwaka 2008, na uchafu uliokuwa unatupwa ukawa mali. Anayejali jirani wa chini haangamizi kiwanda. Anakisaidia kisijenge uadui na mto kinaoutegemea.

Sasa tuseme jambo ambalo si rahisi kuliandika katika gazeti letu wenyewe.

Jumatatu baada ya safari, mmoja wetu alipendekeza tuhesabu ndege wa hapa nyumbani pia. Tukaanzia jikoni. Nyuma ya jiko la seminari upo mtaro wa maji machafu, na tulikuta kwarara wawili na yangeyange kadhaa wakichokoa mahali unapoishia. Tulifurahi, tukaandika. Kisha mmoja akauliza unaishia wapi hasa. Tuliufuata. Shimo la kunywesha maji lilikuwa limejaa, hatujui tangu lini, na maji ya sabuni, mafuta na mabaki ya vyombo vya watu wengi yalikuwa yakifurika, yakishuka polepole hadi kwenye bustani ya mchicha ya jirani yetu. Mchicha huo tunaununua wenyewe. Jirani huyo ni muumini wa parokia, anatuita wanangu, na hajawahi kulalamika. Tulipokwenda kumwomba radhi alituambia kwamba alidhani tunajua.

Maneno hayo yalituuma kuliko angetukemea. Tulikuwa tumesafiri zaidi ya saa mbili kwenda kukagua bwawa la mtu mwingine, na bwawa lake lilikuwa na tuta, lina mpangilio, lina mlinzi. Letu halikuwa hata na jina. Na ndege walikuwepo pale siku zote, mbele ya dirisha la darasa, wakituonyesha. Uongozi wa seminari umekwisha kuchukua hatua, shimo limezibuliwa, na jipya linachimbwa kwa msaragambo wa waseminari kila Jumatano jioni. Koleo zipo chache, kwa hiyo nazo tunapokezana.

Kutokana na hayo yote tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, kila parokia na seminari ianze nyumbani. Ufuate mtaro wa jikoni, wa bafu na wa choo hadi mwisho wake, kwa miguu, na watoto wa Utoto Mtakatifu waje nao. Andikeni ndege mnaowakuta. Walipo ndege wa matope pasipo na mto wala bwawa, yapo maji yaliyopotea njia.

Pili, parokia zilizo karibu na mabwawa ya viwanda au ya miji ziombe ruhusa ya kuhesabu ndege mara moja kwa mwezi, siku ileile, saa ileile, mahali palepale. Mwezi Januari, katika nchi nyingi duniani, hufanyika sensa ya ndege wa majini, na huo ndio wakati ambao wageni wetu kutoka Ulaya na Urusi, vitwitwi na mbayuwayu, wako huku. Hesabu zetu zinaweza kuanza wakati huo. Vaeni viatu vya kufunika, msiguse maji, msivue samaki humo, nawaneni mikono kabla ya kula, na mtoto asiachwe peke yake kwenye tuta.

Tatu, tujifunze kuuliza kwa adabu na bila woga. Kiwanda kinachotaka kumwaga maji taka mtoni kinahitaji kibali kwa mujibu wa sheria, na maji hayo yanatakiwa kufikia viwango. Bodi ya Maji Bonde la Pangani ipo, na NEMC ipo. Daftari la miaka miwili lenye tarehe na hesabu linasikilizwa kuliko kelele za siku moja. Na mwenye daftari anayeanza kwa kusema kwamba mtaro wake mwenyewe ulikuwa unafurika, huyo atasikilizwa zaidi.

Tumerudi kwenye mabwawa yale mara mbili tangu hapo. Mara ya mwisho batabukini walibaki na vifaranga watano kati ya saba, wamekua, na vibisi walikuwa wanne. Mlinzi sasa anatuwekea hesabu zake mwenyewe kwenye karatasi ya ratiba ya zamu. Mama wa ndoo hatukumkuta. Yangeyange walikuwa ng'ambo ya mto. Tuliandika hivyo kwenye daftari, pamoja na saa, tukamwonyesha mlinzi, naye akaenda kumwita msimamizi.

Safari ijayo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Basi linaondoka Same saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye darubini ya pili aje nayo.